Kizimba cha mjusi kafiri: kwa nini ushauri hupingana, na yeye mwenyewe anahitaji nini

Joto litoke chini ya sakafu au juu, kwenye taa? Atandikiwe mchanga au karatasi? Kizimba kikubwa kinamtisha, au kidogo ndicho kinachomtesa? Anayeanza kufuga mjusi kafiri hukutana na maswali haya siku ya kwanza, na kinachomchanganya si uhaba wa majibu. Majibu ni tele, na kila anayejibu anajibu kwa uhakika. Huyu amemweka wake kwenye sanduku tupu la plastiki miaka mitano na bado yu hai. Yule anaapa kwamba mchanga ulimuulia wake ndani ya mwezi mmoja. Huenda wote wawili wanasema kweli, na bado ushauri wao usikufae, kwa sababu hakuna aliyekueleza kizimba chenyewe kinafanya kazi gani.

Majina kwanza. Mjusi kafiri ni jina la kundi zima lenye spishi zaidi ya 1,500, zilizotapakaa karibu kila pembe ya dunia yenye joto. Wapo wa jangwani, wapo wa msituni, wapo wa kuta za nyumba. Wengi hutoka usiku, wachache mchana. Kizimba ni makao yake ya ndani: mara nyingi sanduku la kioo, au la mbao lenye milango ya kioo, na matundu ya kupitisha hewa. Unyevu, kila nitakapoutaja, ni kiasi cha mvuke wa maji ulio hewani, unaopimwa kwa asilimia.

Nitawatumia mijusi wawili kama mifano, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaofugwa zaidi na kwa kuwa hawafanani hata kidogo. Wa kwanza nitamwita mjusi chui (Eublepharis macularius), mwenye madoa meusi juu ya ngozi ya manjano, asili yake nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Huyu ana kope zinazofumba, na vidole vyake havinati: mweke kwenye kioo kilichosimama, atateleza. Wa pili ni mjusi wa kishungi (Correlophus ciliatus), wa visiwa vya Kaledonia Mpya katika Bahari ya Pasifiki. Alidhaniwa ametoweka kabisa duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Hana kope za kufumba, husafisha macho kwa kuyalamba, na hupanda kioo kama anayetembea sakafuni. Mmoja ni wa ardhini penye ukame, mwingine ni wa matawini penye umande. Ukimpa mmoja makao ya mwenzake, unamuua polepole. Mabishano mengi unayoyasikia yanaanzia hapa: watu wawili wanazungumzia wanyama wawili kwa jina moja.

Basi kabla ya kununua hata balbu, hakikisha unajua spishi yako. Na asiwe wa kuokotwa porini. Mijusi wa porini hubeba vimelea, hufa kwa hofu, na baadhi yao wanamalizika kwa sababu yetu. Yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza nchini Tanzania, Lygodactylus williamsi, alikamatwa kwa wingi kwa ajili ya wafugaji hata ikabidi mwaka 2016 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, umwingize kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kinachopiga marufuku biashara ya kimataifa ya viumbe waliotolewa porini.

Joto: hapa ndipo penye kazi

Tulifundishwa shuleni kwamba mijusi ni wanyama wa damu baridi. Msemo huo umepotosha wengi. Damu ya mjusi aliyelala juu ya jiwe lililopigwa na jua haina ubaridi wowote. Tofauti yake na sisi ni kwamba mwili wake hautengenezi joto la kumtosha. Wewe sehemu kubwa ya chakula unachokula huteketea ili ubaki na joto lako la nyuzi 37 za Selsiasi, usiku na mchana. Mjusi hana jiko hilo ndani yake. Faida yake ni kwamba hula kidogo sana. Gharama yake ni kwamba joto lote analolihitaji lazima alitafute nje.

Na joto kwake si suala la kustarehe. Chakula kinasagwa tumboni kwa joto. Kinga ya mwili inapambana na maradhi kwa joto. Misuli inafanya kazi kwa joto. Chakula tumboni mwa mjusi aliyepoa ni kama chungu kilichoachwa juu ya jiko lililozimika: kimo, lakini hakiivi, na kikikaa sana kinaoza. Ndiyo maana napenda kukiona kizimba kuwa kiungo cha mwili wake kilichowekwa nje. Kazi ambayo kwako inafanywa na ini na misuli, kwake inafanywa na taa uliyoifunga na sehemu ulipoifunga. Ukikosea hapo hujaharibu nyumba yake tu. Umeharibu mwili wake.

Joto liwe kiasi gani, basi? Swali hilo lina mtego ndani yake, kwa sababu hakuna kiwango kimoja. Mtazame mtu aliyeketi chini ya mti mchana kutwa: kivuli kikihama, anavuta mkeka, upepo ukizidi, anausogeza juani. Mjusi anaishi hivyo maisha yake yote. Akila, anatafuta joto. Akishiba na kupashika, anarudi kwenye ubaridi. Kizimba chenye joto lilelile kila kona, hata kama ni kiwango kizuri, kimemnyang'anya uwezo wa kujitibu. Anachohitaji ni mteremko: upande mmoja wa moto, upande wa pili wa poa, na joto linaloshuka kidogo kidogo katikati.

Kwa mjusi chui, sehemu anayolala kujipasha ifike nyuzi 32 hadi 35, na upande wa poa uwe nyuzi 22 hadi 25. Usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 bila madhara. Huko kwao nako usiku hupoa. Mjusi wa kishungi ni kinyume: anataka nyuzi 22 hadi 26, na joto likizidi 28 kwa muda mrefu anaanza kuwa hatarini. Wengi huwapoteza kwa kudhani kwamba mjusi yeyote hufurahia joto kali. Kwa nyumba zilizo katika hali ya hewa ya joto, tatizo halisi la mjusi huyu ni namna ya kukipoza kizimba: chumba cha kivuli, hewa inayopita, mbali kabisa na dirisha la jua.

Tena la dirisha hilo nalisema kwa mkazo. Kioo kinaingiza mwanga na kufungia joto, kama gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa juu. Mjusi aliyewekwa dirishani "apate jua kidogo" anaweza kufa kabla hujamaliza chakula cha mchana.

Sasa ule ubishi wa chini au juu. Kuna mkeka wa joto, unaobandikwa chini ya kizimba, na kuna taa ya joto, inayoning'inia juu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mjusi chui lazima apashwe tumbo ndipo chakula kisagike. Ukweli ni kwamba usagaji unahitaji mwili mzima uwe na joto, na joto hilo halichagui mlango wa kuingilia. Jua hutoka juu, hupasha hewa, mawe na mgongo wa mnyama kwa pamoja, na jiwe likishapata moto hulirudisha joto lile jioni kupitia tumboni. Taa ya halojeni juu ya jiwe bapa inaiga hali hiyo vizuri. Mkeka hupasha sakafu na karibu kuiacha hewa ilivyo. Si haramu, lakini kwangu ni msaidizi wa usiku, si mwenye kazi.

Kitu ambacho si cha kujadili ni thamostati. Hiki ni kifaa kinachopima joto na kukata umeme likifika kiwango ulichopanga, kisha kuuwasha tena likishuka, kama pasi ya umeme inavyojizima na kujiwasha yenyewe. Mkeka usio na thamostati unaweza kupita nyuzi 40 kwa urahisi, na mjusi akalala palepale hadi tumbo likaungua, kwa sababu hakuumbwa kuukimbia moto unaotoka ardhini. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya mijusi yana shida hiyohiyo kwa ubaya zaidi: sehemu moja vuguvugu, sentimita mbili pembeni inachoma. Hayo naomba usinunue. Na kama mjusi wako ni wa kupanda, taa iwe nje ya wavu au izungushiwe kikinga, maana atalifikia balbu.

Kuhusu kupima: vile vibandiko vya rangi vinavyobandikwa ukutani mwa kizimba hupima kioo, si mahali mjusi alipo. Tumia kipimajoto cha kidijitali chenye waya, ncha yake ikae sehemu anayolala. Kipimajoto cha kuelekezea bila kugusa nacho kinafaa sana kwa mawe, ilimradi kiwe cha kupima vitu. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hurekebisha hesabu zake zilingane na mwili wa mtu na kitakudanganya.

Mwanga, na ile taa nyekundu

"Ni mnyama wa usiku, mwanga wa nini?" Swali hili lina mantiki, na kwa sehemu limejibiwa vibaya kwa muda mrefu.

Katika mwanga wa jua kuna mionzi ya urujuanimno tusiyoiona. Sehemu yake moja, UVB, ikigusa ngozi huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu iliyo kwenye chakula haiingii mwilini, hupita tu. Mwili ukikosa kalsiamu hauna budi kuichota kwenye mifupa. Ndipo unapoona mjusi mwenye taya laini, miguu iliyopinda, anayetetemeka akijaribu kutembea. Maradhi haya ya mifupa ni ya kawaida mno kwa mijusi wafugwao, na yanazuilika.

Mijusi wengi wa usiku hutokeza kidogo alfajiri na jioni, au huacha mkia au mguu nje ya ufa wa jiwe, wakapata mionzi michache inayowatosha. Kwa hiyo mjusi chui anaweza kuishi bila taa ya UVB kama unampa vitamini D3 pamoja na unga wa kalsiamu kwenye chakula. Wengi wameishi hivyo. Lakini vitamini hiyo ikizidi kwenye chakula inaweza kumdhuru, ilhali ile ya ngozini mwili wenyewe huisimamisha. Mimi nachagua taa ya UVB hafifu upande wa moto, na maficho ya kutosha ili ajifiche akitosheka. Kama wako ni zeruzeru, tahadhari: macho yake huumizwa na mwanga, mpe kivuli zaidi. Kwa mijusi wa mchana, kama wale wa kijani wa Madagaska, taa hii si hiari.

Mawili ya kukumbuka juu ya UVB. Kioo cha kawaida huizuia, kwa hiyo jua la dirishani halimpi mjusi chochote ila ile hatari ya joto niliyoitaja. Na taa hiyo huchoka kabla ya mwanga wake kuchoka: utaiona inawaka vizuri huku mionzi imekwisha, kwa hiyo ibadilishwe baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na aina.

Kisha ile taa nyekundu ya usiku, inayouzwa kwa madai kwamba mjusi haioni. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba mjusi wa usiku Tarentola chazaliae anaweza kutofautisha rangi katika mwanga hafifu kama wa mbalamwezi, kiwango ambacho sisi tunaona kijivu kitupu. Mnyama mwenye macho ya namna hiyo hawezi kuwekewa balbu usiku kucha kwa matumaini kwamba haimhusu. Usiku wake uwe giza. Kama chumba kinapoa mno, kuna balbu za kauri zinazotoa joto bila mwanga wowote. Nazo pia ziungwe kwenye thamostati.

Ukubwa na maficho

Inasemwa kwamba kizimba kikubwa humtia mjusi hofu. Kinachomtia hofu ni uwanja mtupu. Mnyama huyu huliwa na ndege na nyoka. Mahali pasipo pa kujificha, pawe padogo au papana, kwake ni mahali pa kuuawa. Jaza kizimba kikubwa kwa mawe, magome, matawi na majani, na utamwona akitembea usiku kucha kwa utulivu. Isitoshe, kizimba kidogo hakiwezi kuwa na mteremko wa joto: sentimita 30 tu kutoka taani hadi ukutani, wapi patapoa?

Mjusi chui mzima ana urefu wa sentimita 20 hadi 25. Ningeanza na kizimba cha urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, na kama nafasi ipo, 120 kwa 60. Yule wa kishungi anahitaji kimo kuliko sakafu: sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 60 angalau, 90 ikiwezekana. Milango iwe mbele. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwa macho yake, ni kucha za mwewe.

Maficho yawe matatu kwa mjusi chui: moja upande wa moto, moja upande wa poa, na la tatu lenye unyevu. Kukiwa na maficho upande mmoja tu, unamlazimisha achague kati ya usalama na joto analolihitaji, na atachagua usalama hata ikibidi augue. Maficho yambane kiasi; hupenda kuhisi ukuta umemgusa mgongo. Kuhusu mapambo mengine, weka upendavyo, ilimradi hayana ncha kali na mawe mazito yamekaa juu ya sakafu ya kizimba yenyewe, si juu ya udongo ambao ataufukua yamwangukie.

Na aishi peke yake. Hatahisi upweke. Madume wawili watapigana hadi kujeruhiana, na hata majike, mmoja atamnyima mwenzake joto na chakula kimyakimya, hadi siku unapogundua mmoja amekonda mkia.

Unyevu na kujivua ngozi

Mjusi hujivua ngozi nzima mara kwa mara, kisha mara nyingi huila. Hewa ikiwa kavu kupita kiasi, ngozi hung'ang'ania, hasa vidoleni, ikakauka kama uzi uliofungwa na kuzuia damu. Vidole hukatika hivyo, na mwenye mjusi akadhani ni ajali. Mjusi chui anaridhika na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 kizimbani, lakini awe na lile pango la tatu lenye karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa, atakakoingia mwenyewe ngozi ikianza kufifia rangi.

Mjusi wa kishungi anataka asilimia 50 hadi 80, na hapa wengi hukosea kwa wema. Hunyunyiza maji kutwa mara tano, kizimba kikabaki chapachapa, ukungu ukaota, mjusi akapata maradhi ya mapafu. Nyunyizia jioni ili unyevu uongezeke, mjusi arambe matone kwenye majani, kisha uache hewa ipungue maji hadi kesho yake.

Mchanga je?

Hofu ya mchanga inatokana na jambo la kweli: mjusi anaweza kuumeza na utumbo ukaziba. Ila tazama ni nani anayeumeza kwa wingi. Ni yule aliyepoa, ambaye tumbo lake halisukumi, aliyekosa maji, mwenye vimelea, au mwenye njaa ya kalsiamu, anayelamba ardhi makusudi kuitafuta. Mchanga humalizia kazi iliyoanzwa na kizimba kibovu. Hata hivyo mchanga mtupu si ardhi ya mjusi chui. Kwao ni udongo mgumu, changarawe na miamba. Wazima wenye afya wanaweza kupewa udongo usio na mbolea uliochanganywa na mchanga, takriban sehemu saba kwa tatu, ukamwagiwa maji, ukashindiliwa na kukauka. Vigae vilivyo na mikwaruzo navyo ni vizuri na husafishika haraka.

Uliokatazwa kabisa ni ule mchanga wa kalsiamu unaotangazwa kwamba "ukiliwa hauna neno". Kwa kuwa una kalsiamu, ndio hasa anaoulamba, na tumboni hugandamana. Randa za mbao za mierezi na misonobari pia ziepuke, mvuke wake huwasha mapafu.

Mjusi mgeni yeyote, mkubwa au mtoto, aanze kwenye karatasi za jikoni kwa mwezi mmoja hivi. Hazipendezi. Lakini zinakuonyesha kinyesi chake wazi, na kinyesi ndicho barua ya kwanza atakayokuandikia: kigumu chenye ncha nyeupe ni habari njema; cha majimaji kwa siku kadhaa, chenye harufu kali, mpeleke na sampuli yake kwa daktari wa mifugo. Baada ya kukisafisha, nawa mikono kwa sabuni. Hakuna mjusi kafiri mwenye sumu, lakini wengi hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila wao kuugua.

Washa kila kitu wiki moja kabla hujamleta. Pima alasiri, pima saa nane usiku, rekebisha. Akishafika, mwache wiki mbili bila kumshika. Badilisha maji, weka chakula, ondoka. Asipokula siku chache za mwanzo usiogope; mjusi chui, kwa mfano, anaishi kwa mafuta aliyohifadhi mkiani. Wewe tazama tu analala wapi. Akiganda chini ya taa usiku na mchana, kizimba kina baridi. Akijibanza kona ya mbali na taa bila kutoka, kina moto. Akikutwa asubuhi pango la poa, jioni juu ya jiwe, na usiku wa manane akikwaruza udongo katikati, viwango vyako viache hapohapo vilipo.